Samoni wanaruka mbele yangu ila hawagusi ndoano: jibu kwa kaka wa Galway

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi ni mtu wa Tanga, nipo Galway huku Ireland mwaka wa tatu sasa. Mshipi nimeushika tangu mdogo, changu na tasi nimevua sana na marehemu babu kwenye ngalawa, kwa hiyo kuvua sio jambo geni kwangu. Mwaka huu nimekata leseni ya samoni nikalipia siku nne kwenye mto Erriff, mwisho wa Juni. Samaki nawaona kwa macho yangu, wanaruka kabisa mita tano kutoka niliposimama, ila hakuna anayekula. Nzi bandia, zile ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na mdudu, nimebadilisha labda mara ishirini kwa siku. Mara moja tu nilisikia kitu kimegusa, nikashtua mshipi, kikaachia. Tatizo ni nzi ninaowatumia au mshipi wangu ni mnene? Na hao trauti wa bahari wanaosema wako mto huohuo mbona sijaona hata mmoja?

JIBU: Kaka, pole kwa siku nne hizo. Kazi yangu ni kuongoza wavuvi kwenye mito ya Mayo na Galway na swali hili naulizwa kila kiangazi, ila we umenirahisishia kwa sababu umetaja kitu ambacho wengi hawakitaji, kwamba umekua na mshipi wa baharini. Mi pia nimetokea pwani, nimeanza kwa mshipi wa mkono hivohivo, na nakwambia kabisa mazoea yale ndo yanayokunyima samaki.

Changu anakula kwa sababu ana njaa. Unashusha kipande cha ngisi, anadonoa, unasikia kwenye kidole, unashtua, umempata. Samoni aliyeingia mtoni yeye hali. Akishaacha maji ya chumvi anaacha kula, utumbo unasinyaa, anaishi kwa mafuta aliyoyajaza huko mbali baharini kaskazini, upande wa Faroe na Greenland, mpaka atage kwenye kokoto huko juu mtoni kuanzia kama Novemba hivi. Ukimpasua tumbo unalikuta tupu. Sasa kwa nini anadaka ndoano wakati hali, wengine wanasema ni mazoea ya baharini bado yamo mwilini, wengine wanasema hasira, mi nimeona samaki wa aina zote mbili, mmoja anaifuata kwa upole mwingine anaivamia kama anaifukuza nyumbani kwake. Ila lini anadaka, hilo linajulikana vizuri sana, na linaamuliwa na maji kabla halijaamuliwa na nzi wako.

Erriff ni mto wa mvua. Kwenye mkondo wake mkuu hauna ziwa kubwa la kushika maji, mvua ikinyesha kwenye milima ile, Devilsmother na wenzake, baada ya masaa machache mto umepanda, na ikikatika unashuka haraka vilevile. Samoni wanasubiri chini, kule Killary Harbour ambako mto unaangukia maji ya bahari kwenye maporomoko ya Aasleagh, na mto ukipanda wanapanda nao. Kwa hiyo usihesabu siku ulizolipia, hesabu masaa tangu mvua ikatike. Mto ukiwa unapanda kuna dakika chache za mwanzo samaki anaweza kudaka, alafu maji yanachafuka, yanabeba majani na povu, hapo hata uwe fundi namna gani unapoteza nguvu tu, kaa kwenye gari unywe chai. Mto ukifika juu kabisa ukasimama, vaa mabuti. Ukianza kushuka na rangi ikaanza kusafika, hapo ndo penyewe, na kwenye mto mdogo kama ule unaweza kuwa na siku moja, ukibahatika mbili, alafu basi.

Namna ya kujua ni hii. Ukifika tu, kabla hujafungua begi, tafuta jiwe lililo nusu ndani ya maji nusu nje, liangalie vizuri, kama kuna mstari wa unyevu juu ya maji basi mto unashuka, kama jiwe limekauka mpaka kwenye maji yenyewe basi mto haujapanda karibuni, au ndo unaanza kupanda sasa hivi. Rudi uliangalie kila nusu saa. Alafu rangi: maji ya huku yanapita kwenye ardhi ya mboji, hayatakuja kuwa meupe kama ya chemchemi, unayoyataka ni rangi ya chai ya rangi iliyokolea kiasi, uingie mpaka magoti na bado uone buti lako kwa mbali. Kama buti huoni kabisa subiri, na kama unaona mpaka kamba zake basi muda mzuri umeshaanza kupita. Mito mingi huku ina vipimo vya serikali vinavyosoma kina cha maji kila robo saa na namba zinawekwa kwenye waterlevel.ie, zoea kuziangalia asubuhi kabla hujatoka nyumbani, hasa kabla hujalipia siku.

Sasa rudi kwa wale waliokuwa wanakurukia mita tano. Samoni anayeruka juu kabisa, palepale, mara kwa mara, kwenye kina kilichotulia (kina hapa ni ile sehemu ya mto yenye maji marefu yanayokwenda polepole), mara nyingi ni samaki aliyekwisha kukaa, kafika siku nyingi, mto umepungua na hana pa kwenda. Huyo ni mgumu kuliko wote, na ndo anayewafanya watu wabadilishe nzi mara ishirini. We mtafute anayejitokeza taratibu, kichwa, mgongo, mkia, kisha anazama bila kelele. Huyo ni msafiri, anapita, na anadaka. Ukimwona wa hivo acha kila kitu umtupie, juu yake kidogo, nzi amshukie.

Kuhusu kutupa mshipi. Wengi wanaotoka baharini wanatupa kwenda mbele moja kwa moja wakisubiri kitu kiguse, alafu wanasimama palepale saa nzima. Mtoni unatupa kuvuka maji kwa mshazari kuelekea chini, kama nyuzi 45, mkondo unaushika mshipi na kumzungusha nzi taratibu kutoka ng'ambo mpaka upande wako. Mzunguko ule ndo uvuvi wenyewe. Kama mkondo wa katikati una nguvu utaona mshipi unajikunja tumbo kuelekea chini na nzi anaanza kukimbia, hapo inua ncha ya fimbo na uurudishe ule mkunjo upande wa juu wa mto, taratibu bila kumng'oa nzi, ili aende mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Akishafika chini yako mwache sekunde mbili tatu, mvute kidogo kwa mkono, kisha piga hatua moja au mbili kushuka ndo utupe tena. Hatua hizo usiziache. Unatembea na kina chote, kila samaki anaonyeshwa mara moja, na anayekuja nyuma yako naye anapata nafasi, huku mtu anayeganda sehemu moja wakati wenzake wanasubiri anaonekana hana adabu, na kwa kweli ni kweli.

Nzi wenyewe, usiumize kichwa. Namba ya ndoano ikiwa kubwa ndoano yenyewe ni ndogo. Maji mengi yenye rangi, chukua namba 6 au 8 yenye rangi ya machungwa, Cascade inatosha. Maji yakipungua na kusafika shuka mpaka 10 au 12, nyeusi nyembamba kama Stoat's Tail. Aina mbili hizo kwa saizi tofauti zingekutosha msimu mzima, na kila dakika unayofunga fundo nzi hayupo majini.

Sasa lile guso lako, na hapa naomba usome mara mbili. Julai moja nilikuwa na mteja, mvuvi hodari wa baharini kama wewe, tumesimama kwenye kina kimoja juu ya maporomoko, maji yanashuka vizuri. Nzi amefika robo tatu ya mzunguko, nikaona mshipi umesimama. Haukuvutwa, umesimama tu, kama umenasa kwenye jani. Alafu ukaanza kuondoka polepole kuelekea kule kwenye kina kirefu, mshipi unakata maji, na kidole chake kikakaza, akashtua, fimbo ikanyooka. Samaki hakuwa amefunga mdomo na kugeuka. Samoni anakuja kutoka chini, anachukua, kisha anageuka kurudi mahali pake, na kule kugeuka ndo kunakopeleka ndoano kwenye pembe ya mdomo. Ukishtua kabla hajageuka unamtoa ndoano mdomoni, umemsaidia. Kwa hiyo ukisikia guso usifanye kitu. Acha achukue mshipi kutoka kwenye rili, yaani gurudumu la fimbo linalokunjia mshipi, usikie rili imeanza kulia, ndo uinue fimbo juu taratibu na ukaze. Najua mkono wako utakataa, wangu ulikataa msimu mzima. Dawa niliyompa yule mteja ni kushika kitanzi kidogo cha mshipi chini ya kidole, kama urefu wa mkono mmoja, samaki akichukua unakiachia kitanzi kiende, mkono unapata kazi ya kufanya badala ya kuvuta. Alasiri ileile alipata wa ratili tano hivi, mmoja wa wale wanaorudi baada ya kukaa baharini msimu mmoja wa baridi, na hao ndo wengi wa mnaowaona mtoni Juni mpaka Agosti.

Trauti wa bahari ni habari nyingine. Huyu kwa jamii ni yuleyule trauti wa kahawia aliyeletwa kutoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 akawekwa kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya, tofauti yake ni kwamba huyu ameshuka baharini kula na kurudi. Kwenye Erriff wanaanza kuonekana mwisho wa Juni na kuendelea, wengine wanakwea mpaka Tawnyard, ziwa dogo lililo kwenye mkono wa pembeni wa mto. Hukuwaona kwa sababu ulivua mchana. Ni waoga mno, maji yakiwa machache wanajificha chini ya kingo na mizizi mpaka giza, kwa hiyo wavue usiku. Juni huku giza haliji mpaka saa tano usiku, usianze mapema, subiri mpaka usiweze kutofautisha rangi ya majani ng'ambo, ukianza kabla utawashtua na kina chote kimeharibika usiku ule. Kaa kwenye nyasi usiingie majini, tumia mshipi mwembamba na nzi mdogo kama Bibio, na huyu kidogo anakaribia mambo ya baharini kwetu, anaweza kugusa haraka na kwa nguvu, ila ana mdomo laini, akidaka mkazie kwa upole.

Ila jua pia kwamba wamepungua. Mwaka 1989 na unaofuata trauti wa bahari wa pwani hii ya magharibi walianguka vibaya, mito iliyokuwa inajulikana dunia nzima ikabaki karibu mitupu, na watafiti waliihusisha na chawa wa baharini wanaozaliana kwenye vizimba vya kufugia samoni. Mingine haijarudi ilivyokuwa mpaka leo. Samoni nao, nyavu za kuelea baharini zilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 2007 na bado wanaorudi ni wachache sana ukilinganisha na miaka ya 1970. Kwa hiyo kabla hujaenda mto wowote hakikisha kwa Inland Fisheries Ireland, shirika la serikali la uvuvi wa mito na maziwa, hali yake kwa mwaka huo, kuna mito ya kuchukua samaki, kuna ya kuvua na kurudisha, na kuna iliyofungwa, na orodha inabadilika kila mwaka. Ukiruhusiwa kuchukua, samoni yeyote au trauti wa bahari anayezidi sentimita 40 lazima umfunge tagi yako, ile lebo inayokuja na leseni, palepale ulipomuua na uandike kwenye kitabu chako, na kitabu kinarudishwa mwisho wa msimu hata kama hukupata kitu. Kuuza samaki wa fimbo ni kosa, hata kwa jirani, nasema kwa sababu kwetu samaki wa mshipi anauzwa pwani bila shida na mtu anaweza kufanya bila nia mbaya.

Ukimrudisha, usimtoe majini. Ndoano iwe imebanwa vile vimeno vyake tangu nyumbani, lowesha mikono, mshike mkiani na chini ya tumbo akiangalia juu ya mto, ukiona matamvua yanafunguka na kufunga kwa mpangilio subiri, ataondoka mwenyewe, utasikia nguvu imerudi mkononi. Maji yakifika nyuzi 20 usivue samoni kabisa, joto lile linamuua hata ukimrudisha vizuri, beba kipimajoto kidogo, ni bei ndogo.

Mito mingi ya upande huu inafungwa 30 Septemba, muda bado unao. Usilipie siku za wiki ijayo mapema, subiri mvua kubwa ya usiku, asubuhi angalia kipimo, kikiwa kimeanza kushuka ndo upige simu kuulizia nafasi. Na mshipi wako usiubadilishe, sio mnene, ule mwembamba wa mwisho ukiwa wa ratili kumi mpaka kumi na mbili unatosha kwa samoni wa pale, punguza mpaka sita usiku ukienda kwa trauti.