Anti, wakikata miembe ya vimbweta wanafunzi watakimbia chuo?

Safari hii nimechagua barua tatu tu, mbili za Mtwara na moja ya Lindi, maana walioandika hawajuani kabisa ila wote wamegusa jambo moja. Ya kwanza jibu lake refu, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni CR (mwakilishi wa darasa) wa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Mtwara mjini, naomba usikitaje. Kwetu kuna miembe mikubwa ya zamani na chini yake vimbweta, zile meza na viti vya zege, na ndo sehemu pekee ya kukaa kwa sababu laibrari inajaa asubuhi na mapema na venyu (vyumba vya vipindi) zinafungwa kipindi kikiisha. Sasa uongozi umetangaza miembe inakatwa, eneo linapigwa pevingi liwe paking ya magari, halafu mbele ya jengo la utawala watapanda nyasi na maua. Serikali ya wanafunzi inataka kuandika barua kwamba miti ikikatwa wanafunzi wataacha chuo, kuna jamaa kaona mtandaoni eti vyuo vyenye miti mingi wanafunzi hawadropu. Mi naogopa tutachekwa. Hii kitu ina ukweli au tunajitungia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukweli upo ila sio huo wa jamaa yako, na mkiupeleka hivyo hivyo kweli mtachekwa.

Mwanafunzi wa huku kusini anaacha chuo kwa sababu ya ada, mkopo kakosa au bumu, ile hela ya kujikimu, limechelewa, au sapu (mitihani ya marudio) zimegeuka keri (masomo ya kubeba mwaka unaofuata) na keri zimemfikisha kwenye disko (kuondolewa chuo), au mimba, au mzazi anaumwa nyumbani na yeye ndo mkubwa. Mwembe haulipi ada. Mkuu wa chuo analijua hilo kuliko wewe maana mafaili ya walioondoka yanapita mezani kwake, kwa hiyo barua ikisema watu wataondoka kwa kukosa kivuli atawauliza nani aliwahi kuondoka kwa hilo, na mtakosa hata jina moja la kumpa.

Sasa tuje kwenye kilichopimwa. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo kwenye hospitali moja huko Pennsylvania, nusu yao madirisha yalitazama miti na nusu yalitazama ukuta wa matofali, na wale wa miti wakaruhusiwa mapema kidogo na wakahitaji dawa kali za maumivu chache zaidi. Utasema hao wagonjwa, sisi wanafunzi. Haya, 1995 Tennessen na Cimprich wakaenda mabwenini kwenye chuo kikuu, wakawapima wanafunzi 72, na waliokuwa na dirisha linalotazama miti na kijani walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya umakini kuliko wanaotazama majengo. 2008 Berman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan wakawatembeza wanafunzi kwa dakika kama 50, siku moja kwenye bustani ya miti, siku nyingine katikati ya mji, wakirudi wanatajiwa namba wazirudie kinyumenyume, na baada ya matembezi ya mitini walipanda kama asilimia 20 wakati ya mjini hayakusaidia kitu cha maana. Maelezo yao ni kwamba umakini ule wa kujilazimisha, wa kukaza macho kwenye notsi, unachoka, na mtu akikaa penye majani na upepo unapumzika wenyewe bila yeye kufanya chochote.

Inayokaribia swali lako ni ya Matsuoka ya mwaka 2010, na hii hakuichunguza vyuoni bali kwenye sekondari 101 za serikali huko Michigan. Shule ambazo bwalo na madarasa yanaona miti na vichaka zaidi zilikuwa na wahitimu wengi zaidi na wanaopanga kwenda chuo wengi zaidi, hata baada ya kuzingatia hali ya kipato ya familia. Huo ni uhusiano tu, usije ukaandika kwamba mti ndo umewahitimisha. Lakini nataka uisome mara mbili sehemu hii: maeneo makubwa ya nyasi tupu, viwanja na paking yaliendana na matokeo mabaya zaidi. Sasa rudi kwenye tangazo la chuo chenu uone wanaondoa nini na wanaweka nini! Nyasi za kutazama, nazijua mimi, wiki ya pili tu kibao cha USIKANYAGE NYASI kimeshasimama.

Halafu kuna Vincent Tinto, huyu tangu 1975 anaandika kuhusu kwa nini wanafunzi wanaacha vyuo, na hoja yake kubwa ni kwamba anayebaki ni yule aliyefungamana na chuo pande mbili, kwenye masomo na kwenye watu. Hapo ndo miembe yenu inapoingia, kwa mlango wa nyuma. Nenda pale vimbwetani saa saba mchana mwezi wa kwanza, lile joto la unyevu la Mtwara linalofanya karatasi igande mkononi, uangalie nani amekaa. Sio wa hosteli, wa hosteli amerudi kulala. Ni yule wa geto, chumba cha kupanga, huko Magomeni au Chuno ambaye hana nauli ya bajaji mara nne kwa siku, ana kipindi saa nne na kingine saa kumi, katikati hapo hana pa kwenda. Amenunua ming'oko ya mia tano kwa mama anayepita na beseni, anakula huku anasikiliza diskasheni ya kimbweta cha pili ambayo wala sio ya grupu lake, wanabishana swali la takwimu, mmoja anachora jedwali kwa chaki juu ya zege, na yeye anasogea taratibu na kidaftari chake. Wiki ijayo ni grupu lake. Siku akikosa testi kuna mtu atampigia simu kumuuliza yuko wapi.

Ondoa kivuli uone. Atarudi geto saa saba, bati linawaka, atalala, cha saa kumi kitampita, kesho kutwa tena, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikifika ana sapu nne na hamjui mtu wa kumuuliza chochote. Kwenye faili wataandika amefeli, hakuna atakayeandika kwamba alikosa pa kukaa.

Kwa hiyo barua yenu msitishie mtu. Hesabuni. Wiki nzima ya masomo, saa nne, saa saba na saa kumi, watu wangapi wako vimbwetani, linganisheni na viti vya laibrari, halafu waulizeni wangekuwa wapi kama pale pasingekuwepo. Hizo namba ni za kwenu wenyewe na hakuna wa kuzibishia. Pendekezeni paking ikae upande usio na miti, na kama lazima pevingi ifike pale basi vitofali visiende mpaka shinani, waache duara pana la udongo maana mizizi inataka maji na hewa, nimeona miti mingi ya mjini imekauka taratibu namna hiyo halafu watu wanasema imezeeka. Na kama hoja yao ni usalama, kwamba kuna tawi limeoza au maembe yanadondokea magari ya wahadhiri, kubalini tawi likatwe. Magari yanaweza kusogea.

SWALI: Asalaam aleikum dada. Niko Tandahimba. Mwanangu wa kiume yuko mwaka wa kwanza Mtwara, kila akipiga simu anataka kurudi, mara joto, mara hajazoea watu. Ada nimelipa nusu nasubiri hela ya mnada wa korosho. Baba yake anasema kama hataki aje asimamie mikorosho. Nimwache?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Usimwache kwanza, na baba watoto mwambie mikorosho haikimbii. Huyo katoka juu huko Uwanda wa Makonde kwenye kaubaridi kashushwa baharini, joto ni kweli linamtesa, ila neno la kushika ni hilo la kutozoea watu. Akipiga simu tena usimuulize anasomaje, muulize ukitoka darasani unakaa wapi. Akikujibu narudi chumbani, ugonjwa umeupata. Mwambie wiki mbili asirudi geto mchana, akae chuoni popote penye kivuli na wenzie, hata kama hasomi.

Ada ni jambo lingine na usilichanganye na hilo. Aende ofisi ya uhasibu kabla hawajaanza kuzuia watu mitihani, na barua inayosema hela inatoka lini, aambatanishe risiti ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kuonyesha korosho ziko ghalani zinasubiri mnada, vyuo vya huku wanaelewa msimu. Na ikishindikana kabisa aombe kwa maandishi kuahirisha masomo, asiondoke kimyakimya, maana anayetoroka anaandikwa mtoro na kurudi inakuwa kazi kweli.

SWALI: Mambo Anti, mi natunza bustani kwenye chuo kimoja Lindi. Eneo jipya halina hata mti. Bosi anataka ashoki kwa sababu zinapendeza, mi naona wanafunzi wanabanana kwenye kivuli cha ukuta. Nipande nini?

JIBU: Poa mdogo wangu, uko sahihi. Ashoki inapanda juu kama nguzo, kivuli chake kinamtosha mtu mmoja na mkoba wake. Kwa haraka na bila kudekezwa panda mwarobaini, unavumilia kiangazi chetu na unabaki na majani wakati mingine imekauka. Mkungu nao mzuri, matawi yanalala kama mwavuli, ila uwe tayari kufagia majani na kungu. Mjohoro unakua fasta. Mwembe weka mmoja wawili kwa ajili ya watakaokuja, huo unataka miaka.

Mashimo chimba sasa, miche iingie mvua zikishika, Desemba au Januari, ili mizizi ishuke kabla mvua hazijakata mwezi wa tano. Baada ya hapo ni kumwagilia mpaka mvua nyingine, weka matandazo ya majani makavu shinani, na zungushia miba maana mbuzi wa mtaani hawasomi mabango. Usipande nyasi chini yake, hapo acha nafasi ya vimbweta tangu mwanzo, vikae upande ambao jua la saa nane kivuli kinaangukia. Na bosi mpe ashoki zake getini, pale penye bango la chuo ndo wanapigia picha za mahafali.