Nifike Zizini Saa Kumi na Moja Kufanya Nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeajiriwa msimamizi msaidizi kwenye ranchi ya ng'ombe wa nyama huku Kongwa. Bosi anataka niwe zizini saa kumi na moja alfajiri, wakati ng'ombe wanatoka kwenda malishoni saa moja na nusu. Nikimwuliza nifanye nini muda wote huo, ananijibu "angalia ng'ombe". Niangalie nini? — Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba kijana wangu. Bosi wako mchoyo wa maneno, lakini hajakosea.

Saa hiyo ng'ombe wengi bado wamelala wanacheua. Pita katikati yao taratibu, bila kupiga kelele. Unamtafuta asiyecheua: aliyejitenga, masikio yamelegea, na ukimwamsha anasimama tu bila kujinyoosha mgongo. Lango likishafunguliwa umemkosa. Mgonjwa naye huandamana na kundi kwa kuogopa kubaki peke yake, na kwenye vumbi lile wote wanafanana.

Halafu nenda kwa ndama. Shika chini ya sikio, kisha mbele ya bega. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, mara nyingi huanza kwa matezi ya hapo kuvimba, maana kupe wake anapenda kukaa sikioni. Ukikuta tezi limevimba, pima joto. Likizidi nyuzi 40 usisubiri ndama aache kunyonya, mwite daktari wa mifugo asubuhi hiyo hiyo. Dawa ipo na inasaidia ikiwahi. Ndama akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, mara nyingi hamna la kufanya.

Siku ya josho, yaani ya kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, ndiyo utamshukuru bosi wako. Ng'ombe wanywe maji na wapumzike kwanza, kwa sababu mwenye kiu akitumbukia josho hunywa maji ya dawa. Waogeshe asubuhi wapate jua la kukauka. Mvua ikinyesha, ahirisha, ila usiruke wiki nzima. Kupe akishang'ata, vijidudu vya ndigana huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani yake kabla ya kumwambukiza ng'ombe, na ukiogesha kwa ratiba unamuua katikati ya siku hizo. Ukiambiwa dawa imepungua mwongeze maji tu, kataa kwa heshima. Dawa nyepesi inafuga kupe sugu, na hasara yake utaibeba wewe, si aliyekushauri.

Kuhesabu kufanyike langoni, ng'ombe wakitoka mmoja mmoja, watu wawili, kila mtu na hesabu yake kimoyomoyo. Zikitofautiana, rudieni. Msikubaliane kwa urafiki.

Mchana sina mengi. Wachungaji wanaijua nyika kuliko wewe na mimi, waache wachunge. Wewe hakikisha birika lina maji, maana ng'ombe mkubwa kwenye joto la Dodoma anaweza kunywa lita 50 kwa siku. Jioni hesabuni tena kabla giza halijaingia. Aliyepotea saa kumi na mbili unaweza kumfuata kwa nyayo, wa saa mbili usiku atafuatwa na fisi kwanza.

Na nunua daftari. Namba ya hereni ya kila uliyemtilia shaka alfajiri iandikwe papo hapo. Bosi wa maneno machache huwa anasoma.