Nahodha akikalishwa benchi

Mwanangu mpenzi,

Ile voisi noti yako ya Jumanne nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa kwenye basi natoka kazini nikaizima katikati maana sauti yako ilikuwa inatetemeka na mimi kulia mbele za watu siwezi. Umeniuliza kitu kimoja tu, "Mama, nahodha akikalishwa benchi bado ni nahodha?" Miaka sita umevaa kitambaa cha timu yenu huko Calgary, kaja kocha mpya, mechi tatu mfululizo kakuweka nje na hajakuita hata pembeni akakueleza kwa nini. Nikikupigia tutalia wote wawili, bora nikuandikie.

Imekuuma, na haki yako iumie. Sikwambii uvumilie kama vile hakuna kilichotokea. Ila nataka tumzungumze Sinclair, yule aliyekuwa nahodha wa timu ya mpira ya wanawake ya Kanada, maana wewe ndo uliyenifundisha kumwangalia. Mimi Tanga nilikokulia mpira ulikuwa wa babu yako na Coastal Union yake, sisi wasichana kelele za Mkwakwani tulikuwa tunazisikia tukiwa barabarani tu, ndani hatukanyagi. Nikaja Burnaby, hapa jirani na Vancouver, na wewe una miaka mitano, kumbe nimehamia mji aliozaliwa Christine Sinclair, na wakati huo alishaanza kuichezea timu ya taifa ya Kanada, kaanza mwaka 2000 ana miaka 16. Nawe ukaanza kunisumbua nikununulie jezi namba 12.

Unaikumbuka tarehe 6 Agosti 2012? Ilikuwa sikukuu, sikuwa kazini, tukakaa chini kwenye zulia mimi na wewe na sahani ya kaimati. Nusu fainali ya Olimpiki, Kanada na Marekani, pale Old Trafford. Sinclair siku ile alifunga matatu peke yake. Kila wakisawazisha anarudi anafunga tena, wewe unaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Halafu refa akamwadhibu kipa wetu Erin McLeod eti kashika mpira zaidi ya sekunde sita, kitu ambacho siku zile ilikuwa nadra kukiona kinapigiwa filimbi, ikatoka faulo, faulo ikamgonga mtu mkono, ikawa penati, ikawa 3-3, na dakika ya 123 Alex Morgan akatumaliza kwa kichwa. 4-3. Ulilia mpaka usiku. Sinclair naye hakunyamaza, alimsema refa hadharani, FIFA wakamfungia mechi nne. Hilo nalitaja makusudi, kwa sababu usije ukadhani nakuletea mfano wa mtu mpole anayemeza kila kitu, hata mwaka 2023 yeye na wenzake walikwenda mpaka bungeni Ottawa kulisemea suala la malipo ya timu ya wanawake.

Yaani Olimpiki ile ya London alikuwa katika ubora wake wote, mashindano yale alifunga mabao 6 na hakuna aliyemfikia, na bado alirudi na shaba.

Sasa njoo 2021, Olimpiki ya Tokyo. Ana miaka 38, rekodi ya dunia ya mabao ya timu za taifa ameshaichukua toka Januari 2020, lakini miguu sio ile. Robo fainali na Brazil ikaenda matuta, kupigiana penati, yeye kama nahodha akatangulia kupiga, kipa akaudaka. Wenzake wakamwokoa. Siku tatu baadae nusu fainali, Marekani tena, wale wale, tulikuwa hatujawashinda tangu 2001. Inapatikana penati. Huku Vancouver ilikuwa usiku wa manane na mimi nimejifunika kanga ya bibi yako kichwani naogopa kuangalia. Sinclair kaushika mpira, na ndo mpigaji wetu miaka yote, watu wamemzonga, waamuzi wa video, VAR, bado wanaangalia, kaushika tu. Halafu akampa Jessie Fleming. Binti wa miaka 23. Fleming akafunga, 1-0, tukaingia fainali.

Mimi pale niliduwaa mwanangu. Sijui kama wewe ulilitazama kama mimi, wewe ulikuwa unapiga kelele kwenye simu. Mimi niliona mtu kashika kitu ambacho ni chake kwa haki, hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angepiga mwenyewe, na amekitoa bila kuambiwa huku dunia nzima inamwangalia, siku chache tu baada ya kukosa. Angeweza kupiga ili afute lile kosa lake. Mimi ningepiga, nakwambia ukweli.

Fainali ikaangukia tarehe ile ile, 6 Agosti, miaka tisa kamili. Saa kumi na moja alfajiri kwetu, nimemaliza kuswali nikawasha TV. Sweden wakatangulia. Kipindi cha pili Sinclair akaangushwa kwenye boksi, penati, na Fleming akapiga tena, 1-1. Na dakika chache kabla ya tisini kocha akamtoa. Hapo ndo nataka unisikilize vizuri. Mechi ambayo ameisubiri tangu ana miaka 16 imekwenda dakika za nyongeza halafu matuta, na yeye yuko nje na koti lake, hawezi kugusa mpira tena. Anaangalia tu kama mimi na wewe. Upande wa pili Caroline Seger, nahodha wa Sweden, naye mkongwe wa miaka mingi, yeye alikuwa bado ndani, na ndo aliyepewa tuta la kuwapa dhahabu, akapiga juu ya mwamba. Roho iliniuma kwa yule mama, wallahi, ningekuwa karibu ningemkumbatia. Deanne Rose akasawazisha, kipa wetu Stephanie Labbé akadaka moja, akaja Julia Grosso, mtoto wa hapa hapa Vancouver, miaka 20, aliyeianza fainali ile akiwa benchi, akafunga. Dhahabu.

Nani alikuwa nahodha dakika ile? Mimi sijawahi kumsikia mtu hata mmoja akisema hakuwa Sinclair.

Na baada ya hapo mambo hayakuwa matamu tu. Kombe la Dunia 2023, la sita kwake, alikosa penati na Nigeria, kipa wao Chiamaka Nnadozie akaifuata vizuri sana, na mechi iliyofuata dhidi ya Ireland akaanzia benchi. Miaka 40, nahodha, mabao 190, kakaa na wachezaji wa akiba. Mapumziko timu iko 1-1, wakamwingiza, tukashinda 2-1. Hakufunga yeye. Aliingia tu timu ikatulia, hata mimi nisiyejua mambo ya fomesheni niliona.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hivi. Kitambaa kocha anaweza kukivua, na namba anaweza kumpa mwingine, hiyo ni kazi yake na huenda hata kaikosea. Ila yule binti anayecheza nafasi yako sasa hivi, uliniambia mwenyewe mwaka jana kwamba ulikuwa unabaki nae uwanjani mpaka taa zinazimwa unamfundisha kupokea mpira akiwa kalipa mgongo goli. Bado unazungumza nae? Maana kwenye voisi noti umemtaja kama "huyo" tu, hujamtaja jina, na hilo limeniuma kuliko habari ya benchi.

Kocha mfuate, usimtumie meseji. Muulize uso kwa uso anataka nini kwako, na kama kakukosea adabu mwambie kakukosea adabu, kwa heshima lakini mwambie. Akikujibu vibaya na ukaamua kuhama timu mimi niko na wewe, sitakuuliza mara mbili. Lakini usihame kabla hujaongea na yule binti.

Ile picha tuliyopiga BC Place usiku wa kumuaga Sinclair, Desemba 2023, nimeitoa kwenye droo nimeibandika kwenye friji. Watu zaidi ya elfu arobaini na nane, na wewe umelia shali lote limelowa. Na timu ikaja kukabidhiwa kwa nani? Kwa yule yule Fleming aliyepewa mpira.

Nimeshakata tiketi, Jumamosi ya wiki ijayo nakuja. Utaanza au hutaanza mimi nitakaa nyuma ya benchi lenu na chai ya tangawizi, na visheti vya timu nzima, na yule binti nitamwekea vyake pembeni, niambie jina lake niliandike kwenye mfuko.

Mama yako