Kuacha kazi ili kuongoza shirika la wakazi Mukuru

Dada, nimekuelewa: wewe ni katibu wa kikundi cha wakazi Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, umeajiriwa kama karani mjini, na wenzako wanataka uache kazi uwaongoze. Usiandike barua ya kujiuzulu bado.

Imarisha kikundi kwanza. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda Kenya, ulianza 1996 kupinga ubomoaji, na nguvu yake imetoka kwenye vikundi vya akiba na wakazi kujihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba. Takwimu za namna hiyo zilichangia kaunti ya Nairobi kuitangaza Mukuru eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake wa kuliboresha, mwaka 2017. Ingia ofisi ya kaunti na daftari linaloonyesha ploti fulani ina wapangaji wangapi kwa choo kimoja, na mtungi wa maji wanaununua shilingi ngapi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinatambua haki ya makazi, kijue vizuri, lakini mimi ningetegemea daftari zaidi.

Kuhusu usajili, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilianza kutumika Mei 2024. Muone wakili kabla hamjapitisha katiba ya shirika, na pesa zisitoke kwa sahihi yako peke yako.

Pesa za wafadhili huisha na mradi. Weka akiba ya miezi sita ya kodi na chakula ndipo uache kazi.

Ukitishwa kwa sababu ya ardhi, piga ripoti polisi, uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na uwajulishe watetezi wa haki za binadamu siku hiyo hiyo. Tafadhali usiubebe mzigo huo peke yako.