Maswali na Majibu: Dellas, goli la fedha, na basi ambalo halikupakiwa

Maswali ya safari hii karibu yote yanamhusu Traianos Dellas, beki wa kati wa Ugiriki iliyobeba Euro 2004, baadaye kocha wa AEK Athens.

Goli la dhahabu la Dellas dhidi ya Czech lilifungwa dakika ya ngapi? (Tanga)

Halikuwa la dhahabu. Hili linaulizwa kila mara na kila mara linaandikwa vilevile, utadhani hakuna aliyejibu. Kwa goli la dhahabu, mpira ukiingia tu mechi imekwisha papo hapo. Kwa goli la fedha, mnaendelea kucheza hadi dakika 15 za kipindi hicho cha muda wa ziada ziishe, na anayeongoza hapo ndiye mshindi. Dellas alifunga Julai 1, 2004, nusu fainali ya Euro, dakika ya 105 ikiwa imeshatimia na mwamuzi Collina yuko kwenye nyongeza. Wacheki hawakuwa na muda wa kujibu, ndiyo maana wengi mnaona kama mechi ilikatika palepale. Ndilo goli la fedha pekee katika historia ya fainali za Euro, na ndilo goli pekee la Dellas timu ya taifa. Baada ya mashindano yale, dhahabu na fedha zote zikafutwa kwenye sheria.

Tena mnauliza dakika, hamuulizi kona iliyolizaa goli hilo. Vassilis Tsiartas, aliyetokea benchi, aliupiga mpira wa kona kwa guu lake la kushoto kuelekea nguzo ya karibu. Mpira wa hivyo kipa haufuati, maana mbele yake pana ukuta wa miili. Ni lazima beki aliyewekwa pale nguzoni auwahi. Akichelewa hatua moja, mtu wa urefu wa Dellas, karibu mita 2, hahitaji hata nguvu. Anaugusa tu ubadili njia. Timu nyingi hadi leo zinamweka mchezaji mfupi kuliko wote nguzo ya karibu kwa hoja kwamba “hana kazi nyingine”. Basi msishangae mkifungwa.

Ni yeye aliyeifunga Barcelona kwa kichwa akiwa Roma? (Mombasa)

Huyo ni Kostas Manolas, Aprili 10, 2018. Dellas aliondoka Roma 2005.

Ugiriki 2004 si walipaki basi tu wakabahatika? (Kigali)

Nililijua litakuja. Timu iliyopaki basi, yaani iliyorundikana nyuma kulinda goli tu, haimfungi mwenyeji Ureno 2–1 mechi ya ufunguzi. Bahati walikuwa nayo, sikatai. Walivuka kundi mbele ya Hispania kwa wingi wa magoli ya kufunga tu, kisha nusu fainali Rosický wa Czech akagonga mtambaa panya mapema na mwenzake Nedvěd akatoka akiwa ameumia goti kabla ya mapumziko. Lakini tazameni hesabu. Kwenye kundi waliruhusu magoli 4. Kwenye mtoano waliwatoa Ufaransa, Czech na Ureno, zote 1–0, bila wavu wao kutikisika. Bahati haikai zamu dakika 285.

Kocha wao Mjerumani, Otto Rehhagel, alifanya kitu ambacho wengi walikuwa wamekizika: ukabaji wa mtu kwa mtu na libero, beki huru asiyepewa mtu wa kukaba, nyuma yao. Beki Seitaridis alimganda straika Henry dhidi ya Ufaransa, beki mwenzake Kapsis naye akapewa mtu wake. Dellas hakuwa na mtu. Kazi yake ilikuwa kusimama hatua kadhaa nyuma ya wakabaji na kufika kabla ya mpira. Hakuwa na mbio, alikuwa na macho. Ukitaka kumwona, usifuate mpira. Mtazame yeye sekunde mbili kabla ya pasi ndefu kupigwa, utaona ameshaanza kurudi.

Msiige kichwakichwa. Ukiweka libero, mtego wa kuotea umekufa, kwa sababu libero akibaki nyuma, straika wa wapinzani hahesabiwi ameotea. Na mkiwa na mabeki watatu tu, libero akiwemo, timu inayoshambulia na watu watatu mbele itawaacha kila mara mkiwa mtu kwa mtu hadi wa mwisho.

Aliwahi kucheza Uingereza? (Nairobi)

Ndiyo, Sheffield United, 1997 hadi 1999.

Kwa nini AEK walimfukuza mtu aliyewapandisha daraja mara mbili? (Bukavu)

Hawakumfukuza, alijiuzulu, Oktoba 2015, baada ya kupigwa 4–0 na Olympiacos. Ila turudi nyuma, maana mnamhukumu kwa mechi moja.

Alikabidhiwa timu Aprili 2013, msimu ukiwa ukingoni. Katika mechi na Panthrakikos beki wa AEK akajifunga dakika za mwisho, mashabiki wakavamia uwanja, mechi ikavunjika na pointi zikakatwa. Klabu iliyoundwa 1924 ikashuka daraja kwa mara ya kwanza. Kisha, ili kujinasua na madeni, ikaamua kuanzia daraja la tatu badala ya la pili. Bingwa wa Ulaya akaenda kufundisha huko, akapanda 2014, akapanda tena 2015.

Daraja la chini lina ugumu wake. Kila mpinzani anakaa nyuma, wewe ndiye wa kuivunja ngome. Ukirudi ligi kuu mambo yanageuka, na mabeki waliozoea kukaa na mpira wanashtukizwa na mashambulizi ya kurudi. Jina kubwa halizibi pengo hilo. Msimu huohuo aliojiuzulu Dellas, AEK ilichukua Kombe la Ugiriki kwa kuifunga Olympiacos 2–1, na kocha wa fainali alikuwa Stelios Manolas, beki mwingine wa zamani, ami yake yule Kostas aliyeifunga Barcelona.

Nilikuwa beki ligi ya mkoa, nataka ukocha. Nianzie wapi? (Bukoba)

Leseni ya ukocha ya CAF (shirikisho la soka Afrika) daraja D, kisha panda ngazi kwa ngazi. Huko Ulaya leseni ya UEFA Pro peke yake ni saa 360 kwa kanuni za sasa, na medali haikupunguzii.

Ukishapata timu, jaribu hili. Washambuliaji 3, wakabaji 3 na libero 1 kwenye eneo la mita 40 kwa 30. Piga filimbi ghafla, wote wagande. Pima kwa hatua kati ya libero na mkabaji aliye karibu na mpira. Zikipita 10, pasi ya kupenyeza inaingia katikati yao. Zikiwa 2, mpira mmoja wa juu unawapita wote wawili. Halafu waulize wakabaji, bila kugeuza shingo, mtu wao yuko upande gani. Atakayekosea alikuwa anautazama mpira tu. Rudia naye peke yake baada ya mazoezi.