Letrozoli kwa anayetafuta mtoto

SWALI: Shikamoo Daktari. Hedhi yangu hupotea miezi miwili, na nimeambiwa ovari zina vifuko vingi. Nimeandikiwa letrozoli, lakini muuza dawa hapa Kisauni asema ni ya saratani ya matiti. Niimeze?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hakukosea, ila dawa hiyo hushusha estrojeni, homoni ya kike, kwa muda, na ubongo hujibu kwa kuongeza homoni inayokomaza yai. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 750 wenye hali kama yako, asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walijifungua watoto hai, dhidi ya 19.1 ya waliopewa klomifeni, dawa ya zamani zaidi ya kukomaza yai. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Hakikisha kwanza huna mimba, na mumeo naye apimwe mbegu.