Muulize Mfinyanzi: Maiolica nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Gurudumu la kufinyangia nimelizoea, sahani na bakuli hazinisumbui. Sasa nataka maiolica, vile vyombo vyeupe vya Italia vyenye michoro. Nisome historia kwanza au nishike brashi? Na nikienda huko, bora mji wa Faenza au wa Deruta?

JIBU: Marahaba. Shika brashi, maana nusu ya historia yenyewe imo kwenye glezi, ule utando unaogeuka kioo juu ya chombo kikichomwa.

Chombo huchomwa mara ya kwanza kikiwa hakijapakwa kitu, kisha huchovywa kwenye glezi nyeupe yenye oksidi ya bati. Ikikauka hubaki unga unaofyonza maji papo hapo, na juu ya unga huo ndipo unapochora. Ukigusa umegusa, hakuna kufuta. Ukisitasita unaacha baka. Ukikandamiza, unga unabanduka. Miezi ya mwanzo chora mistari na majani tu. Watakatifu na farasi watakusubiri.

Kwa mchoro mgumu, mafundi wa zamani walitoboa karatasi kwa sindano wakaigonga kwa kifuko cha vumbi la mkaa. Alama zinabaki kwenye glezi, unazifuata kwa brashi, na mkaa wote unateketea tanurini.

Rangi nazo utaziona ni chache: buluu ya kobalti, kijani cha shaba, zambarau ya manganizi, njano ya antimoni. Moto ndio uliochagua, maana ni hizo zinazoustahimili. Nyekundu iliwatoa mafundi jasho. Ndiyo maana Giorgio Andreoli wa Gubbio alisifika kwa mng'ao wake mwekundu, uliotaka kuchomwa mara ya tatu kwenye moshi. Ukishahangaika na hayo, msome Cipriano Piccolpasso wa Castel Durante, aliyeeleza na kuchora kazi za karakana karibu mwaka 1557. Kabla ya hapo utamwona mchoshi.

Faenza au Deruta? Mimi ni mtu wa Faenza. Jumba lake la makumbusho ya keramiki lilianzishwa 1908, likapigwa mabomu 1944, likajengwa upya. Kaa na vyombo vyeupe vya karne ya 16, vile vilivyoachwa karibu vitupu, mchoro kidogo tu katikati. Kwangu vinazishinda sahani za Urbino zilizojazwa michoro ya visa ukingo hadi ukingo.

Deruta nenda kwa ajili ya kuzoesha mkono, kuna karakana tele. Ila uliza kabla ya kulipa: nitachora kwenye glezi mbichi? Wakikupa sahani ambayo glezi yake imekwisha kuchomwa uipake rangi juu, tafuta mlango mwingine.